Rangi Iliingia Lini?

Mwezi uliopita mama mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, alinijia na kifurushi. Ndani mlikuwa na mtandio mwekundu wa hariri wa marehemu bibi yake, umejaa vitone vyeupe na vya manjano, vidogo kama punje za mtama. "Mwanangu, nipigie pasi tu," akaniambia, "umejikunja wote." Nikamsihi aketi kwanza. Ile mikunjo aliyotaka niinyooshe ndiyo iliyonihakikishia kwamba mtandio ule ni bandhani ya kweli, nguo ya India ya kufungwa mafundo na kuchovywa rangi.

Kila kitone pale ni mahali ambapo mtu alibana kitambaa kwa kucha, akakiinua kidogo, akakizungushia uzi na kukaza. Kitambaa kilianza kikiwa cheupe. Vitone vya kwanza vikafungwa, kitambaa kikachovywa kwenye manjano. Vikafungwa vingine, kikachovywa kwenye nyekundu. Vilivyotangulia kufungwa vikabaki vyeupe, vya pili vikabaki vya manjano. Kule Kutch na Jamnagar, katika jimbo la Gujarat, kazi ya kufunga hufanywa zaidi na wanawake majumbani, na mtandio mmoja huweza kubeba maelfu ya mafundo. Huko unaweza kuuziwa kitambaa kingali kimefungwa, kisha muuzaji akakivuta mbele ya macho yako, nyuzi zikafumuka mfululizo. Ukipitisha pasi ya moto juu yake, umefuta alama ya kila fundo.

Mimi kazi yangu ni kutunza nguo za kale, na watu huniuliza namna ya kuzitambua nguo za India kana kwamba ni za aina moja. Huwa nawarudishia swali: rangi iliingia lini? Kabla ya kufuma, wakati wa kufuma, au nguo ilipokwisha kufumwa?

Patola ya mji wa Patan, nayo ya Gujarat, rangi yake huingia kabla. Nyuzi za hariri, za mtande (za urefu) na za mshindio (za upana) pia, hufungwa na kuchovywa kabla hazijapanda kwenye kitanda cha mfumi. Tembo au kasuku utakayemwona kwenye sari yumo tayari ndani ya nyuzi, sehemu yake kwenye mtande na sehemu kwenye mshindio, na ni juu ya mfumaji kuhakikisha rangi inakutana na rangi yake. Hukaa watu wawili kwenye kitanda kimoja. Kila baada ya kufuma kidogo husimama, wakazisogeza nyuzi kwa sindano hadi ua likae sawa. Sari moja huchukua nusu mwaka, mara nyingi mwaka na zaidi. Igeuze uone: hakuna ndani wala nje. Wagujarati husema ua la patola huchanika lakini halichuji. Wanaoendeleza kazi hii Patan ni familia chache mno za ukoo wa Salvi. Rajkot nao hufuma patola, ila huko aghalabu hufungwa mshindio peke yake. Ni kazi nzuri, lakini anayekuuzia ya Rajkot kwa jina la Patan anakudhulumu.

Za wakati wa kufuma ni nyingi, nitagusia mbili. Kwenye jamdani ya Bengali, ambayo kitovu chake cha Dhaka leo kiko Bangladesh, mfumaji huingiza nyuzi za maua kwa mkono, moja moja, juu ya pamba nyepesi mno. Na sari ya Kanchipuram, kule Tamil Nadu, ile ya korvai, pindo lake na mwili wake huwa na mishindio tofauti inayoshikana kwenye mpaka, ndiyo maana huhitaji mtu wa pili wa kurusha mshindio wa pindo.

Lakini nguo iliyonishika moyo ni ajrakh, pamba ya kupigwa mihuri, na rangi yake huingia mwisho. Pamba hufuliwa, hulowekwa kwenye mchanganyiko wa samadi ya ngamia, magadi na mafuta ya nyonyo, huanikwa, kisha hutiwa unga wa tunda la harde hadi ipate manjano hafifu. Hapo huja mihuri ya mti wa msaji. Muhuri wa kwanza hupiga chokaa na gundi: mahali hapo patabaki peupe. Wa pili hupiga maji ya chuma, yaani vyuma vikuukuu vilivyoozeshwa na sukari guru, yakafanywa mazito kwa unga wa kokwa za ukwaju: hapo patakuwa peusi. Wa tatu hupiga shabu, na usipoambiwa hutajua kwamba hapo ndipo penye wekundu. Kitambaa huzamishwa kwenye pipa la nili, kikatoka na ukijani, kisha hewa ikakigeuza buluu ukikitazama. Mwisho huchemshwa kwenye rangi ya mizizi, na pale penye shabu tu wekundu hushika.

Kazi kama hii huyategemea maji. Wapiga ajrakh wa ukoo wa Khatri walikuwa Dhamadka, Kutch. Tetemeko la tarehe 26 Januari 2001 lilikibomoa kijiji chao, na maji nayo yakabadilika, chuma kikazidi. Chuma kikiwa ndani ya maji wekundu hufifia na kuwa wa udongo. Wengi wakahama, wakajenga kijiji kipya karibu na Bhuj, wakakiita Ajrakhpur.

Nguo hizi zilitembea tangu kale. Vipande vya pamba ya Gujarat vilivyopigwa mihuri vimechimbuliwa Fustat, Misri, na sisi tunazo bafta, melimeli na kaniki vinywani mwetu hadi leo. Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, aliandika kwamba watu wa Sofala, pwani ya Msumbiji, walifuma pamba yao nyeupe, na kwa kuwa hawakujua kupaka rangi, walizifumua nguo za buluu za Cambay, bandari ya Gujarat, na kuzifuma tena pamoja na nyuzi zao. Kila niisomapo habari hiyo nakiona kidole cha mfumaji kikivuta uzi wa nili taratibu usikatike.

Ule mtandio nilibonyeza pamba nyeupe yenye maji kwenye pembe yake. Ikatoka na wekundu. Basi haukufuliwa. Nimeuviringisha kwa ulegevu kwenye mwanzi uliovikwa bafta kuukuu, bila kuukunja popote. Kwenye pindo tukakuta vifundo viwili ambavyo havikufunguliwa hata siku moja, uzi wake ungali umekaza. Mama akavigusa kwa ncha ya kidole. "Hiyo pasi iache," akasema.