Turubai la jeshi nalo huvuja

Wengi wetu Nairobi tumeamini tangu zamani kwamba turubai lililotoka jeshini halipitishi maji na halichakai. Ukitafuta la kufunika kibanda au banda la kuku, utaambiwa, "Hili ni la jeshi," na bei inapanda hapo hapo.

Imani hiyo ina chanzo. Maturubai mengi ya zamani ni ya pamba nzito iliyopakwa nta au dawa ya kuzuia maji. Nyuzi za pamba zikilowa huvimba na kuziba vitundu, ndiyo maana kitambaa hukaza mvua ikinyesha. Lakini dawa ile huisha kwa jua na miaka, na turubai likikunjwa bichi huota kuvu, kuvu ikala nyuzi. Mengine ni ya plastiki. Hayo hayaozi, ila jua huyakausha yakapasuka. Na jua letu, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ni kali hata siku za baridi.

Kabla ya kulipa, liinue juani utazame vitundu. Vuta mishono, kwani uvujaji mara nyingi huanzia hapo. Linuse: harufu ya uvundo ni kuvu. Muuzaji akikubali, mimina maji kwenye bonde la kitambaa usubiri nusu saa. Ukipewa uzi, uchome: pamba huacha jivu, plastiki huyeyuka ikawa kidonge.

La pamba lililochoka hupakwa nta upya. Lililooza halina dawa.