Afisa ustawi wa jamii na walimu: ushirikiano wao una maana gani?

Mwalimu wa darasa anamjua mtoto kuanzia kengele ya asubuhi mpaka ya kutawanyika. Afisa ustawi wa jamii anaweza kuijua nyumba ya mtoto huyohuyo, ugomvi wa wazazi wake, hata hali ya bibi anayemlea, lakini hajui kwamba siku hizi analala darasani. Kuziweka habari hizo pamoja ili mtoto asaidiwe ndiko kunakoitwa ushirikiano wa ustawi wa jamii shuleni.

Kazi hii ilianzia Marekani, katika miji ya New York, Boston na Hartford, mwaka wa masomo wa 1906/07. Walioifanya waliitwa walimu watembeleaji, kwa kuwa kazi yao ilikuwa kwenda majumbani. Kwetu Tanzania shule nyingi hazina afisa wake. Aliyepo yuko halmashauri au kata, shule zake ni nyingi, na anayemtegemea siku hadi siku ni mwalimu wa malezi na unasihi.

Chukua mfano wa binti wa darasa la tano. Daftari la mahudhurio linaonyesha hayupo kila Jumanne na Ijumaa. Mwalimu ameandika "mtoro" na fimbo imeshapita. Mlinzi wa getini, ambaye hakuna aliyemuuliza, humwona siku hizo akipita nje ya uzio na mtoto mgongoni. Mama yake huuza nguo mnadani siku mbili kwa wiki, na mdogo wake hana wa kubaki naye. Afisa akifika nyumbani, akakaa na mama na jirani, huenda mtoto mdogo akapata pa kushinda. Lakini bila lile daftari na yale macho ya mlinzi, asingejua hata aanzie wapi. Ndiyo maana mimi humhesabu mlinzi, mpishi na matroni kuwa sehemu ya kazi hii sawasawa na mwalimu mkuu.

Mambo mengine hayasubiri mazungumzo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Mwalimu naye yumo. Kipigo au ubakaji hausuluhishwi kwa kikao cha wazee. Unapelekwa kwa afisa ustawi na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto polisi.

Pagumu zaidi ni kwenye siri. Mwalimu wa hisabati anahitaji kujua kwamba muhula huu asimwagize mtoto amlete baba yake shuleni. Kwamba baba yuko mahabusu, na kwa kosa gani, hakumhusu. Habari ikishasimuliwa ofisini wakati wa chai, jioni imefika mtaani, na mtoto aliyeamini watu wazima mara moja hatafungua tena mdomo.