Saa ghali haishiki wakati vizuri zaidi

Wengi huamini saa ya mkono ya mamilioni hushika wakati kuliko ya bei nafuu. Sivyo. Rolex, saa ya kifahari inayoendeshwa na springi na magurudumu madogo yenye meno, kwa kipimo cha kampuni yenyewe huweza kukimbia au kuchelewa hadi sekunde 2 kwa siku. Kwa mwezi huweza kufika dakika nzima. Casio F-91W ya plastiki, iliyotoka mwaka 1989, hukimbia au kuchelewa hadi sekunde 30 hivi kwa mwezi, maana kipande chake cha kwatsi (jiwe la fuwele) hutetemeka mara 32,768 kila sekunde. Springi haifui dafu hapo. Unacholipia ni ufundi, ambao mimi nauheshimu kwa dhati, pamoja na madini na jina. Tena baada ya miaka kadhaa saa hiyo ya springi hudai kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta, kwa gharama nyingine.