Bia mbili, na ile yenye povu imetoka wapi

"Vijana, leo tule bia," mzee alisema, akavua kofia na kuketi barazani. Ilikuwa Mkunazini, mjini Unguja, baada ya Isha. Mgeni wangu kutoka Mwanza akaniinamia sikioni: "Kaka, huyu si ndiye aliyetoka msikitini sasa hivi?"

Nikamwacha ahangaike kidogo. Mzee alishatoa elfu mbili yake, kaiweka ndani ya kofia. Kofia ikazunguka, kila mtu akatia chake, kijana mmoja akatumwa Forodhani akalete pweza na muhogo. Hiyo ndiyo kula bia: kuchangiana gharama, kisha mkala pamoja.

Kazi yangu ni maneno. Nafundisha isimu, na kila mwaka wanafunzi wapya huangua kicheko nikitaja sarufi bia, yaani zile kanuni zinazodhaniwa kuwa za lugha zote za wanadamu. Jamani, bia hiyo ni ya ushirika, haina chupa. Maneno haya mawili yamekutana kwa sauti tu, hayana undugu.

Hii ya chupa kamusi husema imetoka kwenye Kiingereza, beer. Tazama ile r ya mwisho ilivyopotea. Mwingereza wa kusini haitamki, na Mswahili alichukua alichokisikia, hakusubiri kuonyeshwa maandishi. Ndivyo tulivyoipata gia ya gari. Waarabu wao wana bira, na r yao imesimama wima, kwa sababu waliichukua kwa Mtaliano anayesema birra.

Lakini sikio peke yake si shahidi wa kutosha. Mjerumani naye ana Bier, na r ya mwisho huimeza vilevile. Alitawala Tanganyika wakati Unguja na Pemba, tangu 1890, zimo chini ya himaya ya Mwingereza. Ndiyo maana bara wakapata shule kutokana na Schule, sisi tukabaki na skuli yetu. Kwa bia, njia zote mbili zingetufikisha palepale. Mimi nawaunga mkono wa kamusi, kwa kuwa hata Nairobi, ambako Mjerumani hakutawala, neno ni hilohilo. Hoja hiyo haimalizi kesi, kwani maneno hayana haja ya pasipoti, ila inaielemeza mizani.

Sasa Mwingereza mwenyewe alilipata wapi? Hapo wataalamu wamegawanyika. Wapo wanaosema ni neno la kale la makabila ya Kijerumani lenye nasaba na shayiri. Wengine wanalirudisha kwenye Kilatini, biber, kinywaji, neno lililosambazwa na watawa wa Kikristo waliokuwa wakipika kileo hicho katika nyumba zao za ibada. Hakuna upande uliokwisha kushinda.

Moyo wangu uko kwa watawa, na sababu naipata hapahapa kwetu. Ukiambiwa "yule bwana anakunywa", hutauliza anakunywa nini. Si maji wala si chai. Bara mtu huagiza "kinywaji" na mhudumu ameshaelewa. Warusi na Wacheki wanaiita bia pivo, na pivo imetokana na kitenzi chao cha kunywa. Basi kileo kuitwa "kinywaji" tu, jina la jumla likamezwa na kitu kimoja, ni tabia ya lugha nyingi. Nakiri kwamba tabia hiyo haithibitishi lolote kuhusu beer.

Tena hata huko Uingereza neno lenyewe lilikaa muda mrefu pembeni. Katika Kiingereza cha kale kinywaji cha nafaka kiliitwa zaidi ealu, ndiyo ale ya leo. Beor lilikuwa adimu, na wapo wanaoshikilia kwamba lilitaja kitu kingine kabisa, kitamu na kikali. Lilipata nguvu mpya mnamo karne ya 15, wafanyabiashara wa Uholanzi na Flanders, sehemu ya Ubelgiji ya leo, walipoleta kinywaji kilichotiwa maua ya hopsi, yanayokipa uchungu na kukizuia kisiharibike upesi. Kwa muda, ale ilikuwa isiyo na hopsi, beer yenye hopsi.

Huku kwetu tembo la mnazi lilikuwapo zamani, na mgema akikata karara yake asubuhi na jioni. Hajapata kuliita bia, na hana sababu.

Kinachonishangaza zaidi ni Mreno. Alikuja pwani hii 1498, akakaa karibu miaka 200, akatuachia meza, bendera na mvinyo, lakini cerveja yake hatukuitaka. Cerveja inatoka kwenye Kilatini cervisia, neno ambalo Warumi walilipata kwa Wagali, wenyeji wa kale wa Ufaransa. Hata hivyo limeingia majikoni mwetu kwa mlango wa nyuma: hamira unayotia kwenye unga wa maandazi jina lake la kisayansi ni Saccharomyces cerevisiae. Na ukidhani utajificha kwenye jina letu la Kiarabu, hamira, nalo limo katika mzizi mmoja na khamr, kileo. Niliwahi kumweleza haya shangazi yangu akiwa anakanda. Alisita, akanitazama, akafunika bakuli lake na kunitoa jikoni.