Simu Haimfundishi Mtoto Kusema, na Dhana Nyingine za Kliniki

Haipiti wiki katika kliniki yetu hapa Lamu bila mzazi kuniambia, tena kwa fahari, kwamba mwanawe wa miaka miwili na nusu anajua rangi zote na kuhesabu hadi kumi kwa Kiingereza kwa sababu ya katuni anazotazama katika simu. Ninapomwomba mtoto huyo huyo anipe kiatu chake, au ninapomwuliza bibi yake yuko wapi, huniangalia tu, asijibu neno. Mama hucheka akasema, "Ana haya, daktari." Haya hana, maana ameshafungua droo zangu zote. Alichohifadhi ni mfululizo wa sauti, na kuhifadhi sauti si kujua lugha.

Dhana hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa kuwa mzazi anayeishikilia anaamini kwamba anamsomesha mwanawe, na kwa hiyo haiachi kwa urahisi. Mtoto hujifunza kusema kwa kujibizana na mtu. Anaponyoosha kidole kwenye mtungi akasema "ma", aliye karibu hutazama anakotazama, akamwambia, "Wataka maji? Haya, maji haya," kisha akangoja kuona atajibu nini; na ni katika kungoja huko ndimo neno linamoshikamana na kitu chake. Katuni haijui mtoto anatazama wapi, haimngoji, wala haibadilishi neno anapokosea.

Kwa wazazi wabishi nina jaribio ambalo huwasimulia. Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya watoto wa miezi tisa hivi, waliozaliwa katika nyumba za Kiingereza, ambao walikutanishwa mara 12 na watu waliowasomea vitabu na kucheza nao kwa Kimandarini. Watoto hao waliweza kutofautisha sauti za lugha hiyo ya kigeni, ilhali wenzao waliopata maneno ya wasemaji hao hao kupitia televisheni au kwa kusikilizishwa sauti pekee hawakujifunza sauti hizo. Kilichokosekana kwao ni mtu wa kuwajibu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, halipendekezi skrini kwa mtoto wa mwaka mmoja au chini yake, na kwa wa miaka miwili hadi minne linataka isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Nimegundua kwamba wazazi huitaja saa hiyo kana kwamba ni haki ya mtoto isiyopaswa kupunguzwa. Mwongozo huo huo unataka mtoto wa miaka mitatu au minne apate angalau dakika 180 za shughuli za mwili kwa siku na usingizi wa saa 10 hadi 13, na simu inayoachwa mkononi mwake hadi usiku hula sehemu ya vyote viwili.

Linaloudhi ni kwamba maneno mjini kwetu ni ya bure. Katika kichochoro kimoja cha Langoni nimemsikia bibi akitembea na mjukuu wake wa miaka mitatu hivi: "Shika ukuta, punda apita. Amebeba nini, mawe?" Mtoto akasema ni mchanga. Bibi akauliza mchanga huo wapelekwa wapi, mtoto akasema kwa mjomba, bibi akakataa, na wakabishana hadi wakapinda kona. Sijaona programu ya simu iliyowahi kubishana na mtoto kuhusu mzigo wa punda. Ushauri wangu, ambao wauguzi wenzangu wameshachoka kuusikia, ni kwamba wakati wa kula simu zote ziwekwe juu ya kabati, za wakubwa zikiwemo, na mtoto aketi mkekani pamoja na watu wanaozungumza.

Wako wanaoliona tatizo lakini hulipa jina lisilo lake, wakasema ni ulimi mzito, au kwamba wanaume wa ukoo ule huchelewa kusema. Ni kweli kwamba wavulana kwa wastani huwa nyuma kidogo ya wasichana, lakini tofauti hiyo ni ya miezi, si ya miaka. Utando wa chini ya ulimi, ambao wengine hutaka ukatwe, huweza kumtatiza mtoto mchanga kunyonya na pengine ukaathiri matamshi machache, lakini haumzuii mtoto kuelewa asemeshwapo wala kuwa na maneno. Mimi huanza na masikio, kwa sababu mtoto ambaye sikio lake hutoa usaha mara kwa mara huenda akawa anasikia nusu nusu, na mafuta ya nazi yanayotiwa sikioni nyumbani hayamtibu. Aliyetimiza miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili, kama "baba njoo", aletwe apimwe usikivu mapema.

Lugha mbili hazimchanganyi mtoto. Mama Morma aliyeolewa kwa Waswahili na azungumze Kiorma chake na mwanawe bila wasiwasi. Anayempunguzia mtoto ni yule anayeiacha lugha aliyoizoea ili amsemeze Kiingereza cha kuungaunga.

Kuhusu wanaolalamika kwamba mwalimu wa PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, anawachezesha tu watoto, nasema mwalimu huyo anajua kazi yake. Mifupa midogo ya kifundo cha mkono wa mtoto wa miaka minne bado haijakamilika, na kufinyanga udongo, kuchambua mchele na kuokota kombe ufuoni humwandaa kushika penseli kuliko kurasa za herufi.

Na chai ya rangi si chakula cha mtoto. Inaponywewa pamoja na mlo huzuia madini ya chuma kufyonzwa mwilini, na upungufu wa damu humfanya mtoto awe mchovu na mzito wa kujifunza. Apewe kunde zilizokamuliwa ndimu na kipande cha samaki, na cha kunywa kiwe maji.