Mnara mkuu wa ngome ni nini? Mfano wa Rochester

Mnara mkuu ni jengo refu la mawe lililokuwa ndani ya boma la ngome za Ulaya katika zama za kati. Ulikuwa makao ya bwana wa ngome, ghala lake, na kimbilio la mwisho adui akishapenya ukuta wa nje.

Mfano unaofundisha kuliko mingi uko Rochester, Kent, Uingereza. Mwaka 1127 Mfalme Henry I aliikabidhi ngome hiyo kwa William de Corbeil, Askofu Mkuu wa Canterbury, naye akajenga mnara wa mraba wenye upande wa mita 21 hivi na kimo cha mita 34. Chini, ukuta una unene wa takriban mita 3.5. Lakini si jiwe tupu: ni nyuso mbili za mawe yaliyopangwa, na katikati kifusi kilichoshikanishwa kwa chokaa na mchanga. Chokaa hiyo hushika polepole. Ukuta ukipandishwa kwa pupa, uzito wa juu huikandamiza ikiwa bado mbichi, na ukuta hutanuka. Baridi ikiingia, mafundi walifunika kichwa cha ukuta kwa nyasi na samadi, maana maji yakiganda ndani huipasua chokaa.

Mlango uliwekwa ghorofa ya kwanza, si chini. Ndani, ukuta wa kati uliugawa mnara pande mbili, na kisima kikapitishwa humo humo ili kila ghorofa iteke maji.

Udhaifu ulikuwa kwenye pembe. Mwaka 1215 Mfalme John aliizingira ngome iliyoshikwa na waasi. Mitambo ya kurusha mawe haikuuangusha mnara, basi wachimbaji wakachimba chini ya pembe ya kusini, wakiegemeza msingi kwa nguzo za mbao. Novemba 25 mfalme aliagiza nguruwe 40 wanono. Mafuta yao yalichochea moto ulioteketeza nguzo, na pembe nzima ikaporomoka. Hata hivyo waasi walirudi nyuma ya ule ukuta wa kati wakaendelea kupigana, hadi njaa ilipowatoa Novemba 30.

Chini ya Henry III pembe hiyo ilijengwa upya, safari hii duara. Duara halina ncha ya kuchokonoa, na walinzi walio juu huona vizuri zaidi anayesogelea msingi. Ndiyo sababu hadi leo mnara wa Rochester una pembe tatu za mraba na moja ya mviringo.