Testosteroni na sonona: kabla ya sindano, pima asubuhi mara mbili

Mwanaume wa miaka 45 anaamka amechoka, hamu ya tendo la ndoa imekwisha, anakasirishwa na mambo madogo na siku nzima anajitenga. Huenda ana upungufu wa testosteroni. Huenda ana sonona. Huenda ana vyote viwili, au hana hata kimoja ila ana kisukari kisichogunduliwa, upungufu wa damu au tezi ya thairoidi iliyopunguza kazi. Dalili hizi zinafanana mno, na daktari hata awe mzoefu vipi hawezi kuzitenganisha kwa kumtazama na kumsikiliza mgonjwa tu. Kwa hiyo yeyote anayekuchoma testosteroni bila kukupima damu, awe muuza duka la dawa, mwalimu wa gym au mwenye tangazo la nguvu za kiume mtandaoni, anabahatisha na mwili wako.

Testosteroni ni homoni ya kiume, na hutengenezwa na korodani kwa amri ya tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo. Pituitari hutoa homoni iitwayo LH, nayo huziamsha korodani. Testosteroni ikitosha, pituitari hupunguza LH, ikipungua, huongeza. Tafadhali ushike vizuri utaratibu huu, kwa sababu ndio unaoeleza masaibu ya wengi wanaoacha sindano ghafla.

Tuanze na kipimo, maana makosa mengi huanzia hapo. Testosteroni huwa juu alfajiri na asubuhi, kisha hushuka kadiri siku inavyokwenda. Damu itolewe kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, kabla hujala chochote, kwa sababu chakula na sukari huishusha. Anayefanya kazi za usiku apimwe ndani ya saa chache baada ya kuamka, hata kama ni mchana. Usipime ukiwa na malaria, nimonia au ugonjwa wowote mkali. Homoni hushuka wakati wa ugonjwa na hurudi yenyewe ukipona. Kama unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, mwambie mtu wa maabara, kwani biotini huweza kuvuruga baadhi ya mashine zikatoa jibu la uongo. Jibu likiwa chini, rudia siku nyingine. Jibu moja halitoshi kumwanzishia mtu dawa ambayo pengine ataitumia maisha yake yote.

Maabara nyingine huandika majibu kwa ng/dL, nyingine kwa nmol/L, na wagonjwa huchanganyikiwa wakilinganisha karatasi mbili. Gawanya ng/dL kwa 28.8 upate nmol/L. Chama cha madaktari wa mkojo cha Marekani huhesabu chini ya 300 ng/dL, yaani kama 10.4 nmol/L, kuwa upungufu. Miongozo ya Ulaya hutumia 12 nmol/L kama mpaka wa juu, na chini ya 8 upungufu huwa hauna ubishi sana. Kati ya hapo, dalili ndizo zinazoamua. Mtu mnene hupimwa pia testosteroni huru, yaani ile isiyoshikwa na protini, kwa sababu unene hupunguza protini inayoibeba homoni hii kwenye damu. Jibu la jumla linaweza kuonekana baya ilhali ile inayofanya kazi inatosha.

Upungufu ukithibitika, pima LH, FSH na prolaktini, zote homoni za pituitari. LH ikiwa juu, tatizo liko kwenye korodani zenyewe: labda matubwitubwi ya ukubwani, korodani iliyowahi kujinyonga, au hali ya kuzaliwa nayo ya Klinefelter. LH ikiwa chini au ya kawaida, tatizo liko juu, kwenye pituitari au ubongo. Hapa muulize mgonjwa bila kumhukumu kuhusu tramadoli, mofini na heroini, kwa sababu dawa zote za jamii ya afyuni zikitumiwa muda mrefu huzima amri ya pituitari. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, kama risperidoni na haloperidoli, hupandisha prolaktini nayo ikaishusha testosteroni. Mgonjwa wa namna hii asiache dawa zake. Aonane na daktari wake wa akili wazungumzie kubadilisha.

Sasa, je, testosteroni huinua moyo? Kwa mwenye upungufu wa kweli, ndiyo, ila kwa kiasi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuata wanaume 790 wenye miaka 65 na zaidi, ambao testosteroni yao ilikuwa chini ya 275 ng/dL. Waliopakwa jeli yenye homoni kwa mwaka mmoja waliongezeka hamu ya tendo la ndoa, na hali ya moyo, yaani hisia zao, ilikuwa nafuu kidogo kuliko ya waliopewa jeli tupu. Nguvu za mwili na uchovu, jambo ambalo wengi hulifuata kwenye sindano, havikubadilika kwa kiwango walichokitarajia watafiti. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliojumlisha majaribio 27 yenye wanaume 1,890 nao ulikuta dalili za sonona zikipungua zaidi kuliko kwa waliopewa dawa tupu isiyo na homoni. Kupungua kwa dalili si sawa na kuponya sonona, wala majaribio hayo hayatoi ruhusa ya kumpa homoni mtu ambaye testosteroni yake inatosha.

Mwenye sonona atibiwe sonona. Dodoso la maswali 9 liitwalo PHQ-9, ambalo lina tafsiri ya Kiswahili, huchukua dakika chache na hutoa alama 0 hadi 27. Kuanzia alama 10 mtu anahitaji kutathminiwa vizuri. Lijazwe kabla ya sindano ya kwanza na lirudiwe baada ya miezi mitatu, ili mabadiliko yasomwe kwenye karatasi. Jambo jingine huwapotosha wengi: dawa za sonona kama fluoksetini na setralini huweza kupunguza hamu na kuchelewesha kumwaga. Mwanaume anayeona hivyo hudhani homoni imemwishia, anaacha vidonge na kukimbilia sindano, kisha sonona inarudi na nguvu zake zote. Mweleze daktari, kipimo cha dawa hupunguzwa au dawa hubadilishwa.

Aina ya dawa nayo ina athari kwenye hisia kuliko watu wanavyodhani. Testosteroni enantheti ya miligramu 250 ikichomwa kila baada ya wiki mbili au tatu, hupanda juu ya kiwango cha kawaida katika siku za mwanzo, kisha hushuka mpaka chini kabla ya sindano inayofuata. Mtu huyo wiki ya kwanza ana nguvu, hamu na hasira za haraka. Wiki ya mwisho amenyong'onyea, anakosa usingizi, analia bila sababu. Mke ndiye huwa wa kwanza kuliona hilo. Fungua daftari. Kila jioni andika siku ya ngapi tangu sindano, umelala kwa muda wa saa ngapi, na hali ya moyo kwa alama 0 hadi 10. Baada ya sindano mbili au tatu utaliona umbo lake: kama siku ya 3 ina alama 8 na siku ya 13 ina 3, na sindano inayofuata yanajirudia hayo hayo, basi ugonjwa wako haujabadilika, ratiba ya sindano ndiyo inayokuyumbisha. Dawa ya hilo si kuongeza kipimo. Daktari hugawa kiasi kile kile, kwa mfano miligramu 100 kila wiki badala ya 200 kila wiki mbili, na mawimbi hutulia. Damu ya kukagua kipimo hutolewa katikati ya sindano mbili, na lengo ni kati ya 350 na 600 ng/dL.

Testosteroni undekanoeti ya miligramu 1,000 haiyumbishi sana kama enantheti: sindano ya pili huja baada ya wiki 6, zinazofuata kila wiki 10 hadi 14. Huchomwa taratibu kwenye tako kwa muda wa dakika mbili hivi, na mgonjwa abaki kituoni nusu saa, kwa sababu mafuta yake yakiingia kwenye mshipa wa damu huweza kuleta kikohozi kikali na kubanwa pumzi. Sustanon, sindano nyingine ya testosteroni, ina mafuta ya karanga, hivyo mwenye mzio wa karanga asichomwe. Jeli ya kila siku ndiyo tulivu kuliko zote, lakini huambukiza kwa kugusana: osha mikono, acha ngozi ikauke, vaa shati, na usimbebe mtoto kwa sehemu uliyopaka. Watoto waliogusana nayo wamewahi kuota nywele za siri kabla ya wakati.

Tahadhari kubwa ni kwa wenye ugonjwa wa baipola (hisia huruka kati ya sonona na msisimko uliopitiliza uitwao mania), wao au ndugu zao wa damu. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2000, wanaume 50 walipewa testosteroni kwa kupandishwa hadi miligramu 600 kwa wiki, kiasi kinachofanana na wanachojichoma baadhi ya wanyanyua vyuma. Wengi hawakubadilika, ila 8 walipata msisimko wa kuelekea mania, wawili kati yao kwa kiwango kikubwa. Hakuna kilichotangulia kuonyesha nani angepatwa.

Kisha kuna kuacha. Anayejichoma kwa miezi ameilaza pituitari, na korodani zimesinyaa. Akiacha ghafla, homoni ya nje inakwisha na ya ndani bado haijaamka, na hali hiyo huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Sonona ya kipindi hicho huwa nzito, na mawazo ya kujiua huja hata kwa mtu asiyewahi kuwa nayo. Mawazo hayo yakija, jamaa wa karibu wafiche sumu za wadudu na dawa zilizomo nyumbani, wasimwache peke yake, na wamfikishe hospitali siku hiyo hiyo. Hospitalini aseme wazi alichokuwa akijichoma, kiasi na kwa muda gani.

Anayetaka mtoto hivi karibuni asianze kabisa, kwa kuwa testosteroni ya nje hukausha mbegu. Zipo dawa nyingine za kuamsha korodani. Asianze pia mwenye saratani ya tezi dume au ya titi, aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo ndani ya miezi sita, wala anayekoroma hadi pumzi kukatika usingizini na hajatibiwa. Kabla ya kuanza, baada ya miezi mitatu hadi sita, kisha kila mwaka, pima hematokriti, yaani wingi wa chembe nyekundu kwenye damu. Ikipita 54% dawa husimamishwa kwa sababu damu nzito huganda. Aliyefikisha miaka 40 apimwe pia PSA, kipimo cha damu cha tezi dume. Hamu na hali ya moyo huanza kubadilika kati ya wiki 3 na 6. Kama miezi sita imepita, kipimo cha damu kiko sawa na moyo bado mzito, sindano isiongezwe. Mgonjwa arudi kwa daktari wa afya ya akili.